Mtoto wa Kifua Hapelekwi na Mama Peke Yake



Mvua ikiisha katika mwezi wa 4, majani ya Buluo yanakauka, vumbi linaamka barabarani, na usiku unaanza kuuma. Ikifika mwezi wa 6 na wa 7, vifua vya watoto vinalia kama filimbi. Asubuhi na mapema unaona mama amemfunga mtoto mgongoni, amemfunika blanketi mpaka kichwani, anakwenda kupanga mstari hopitali. Upite siku moja mbele ya benchi ya daktari wa watoto, uhesabu watu. Utahesabu mama, utahesabu bibi, utahesabu mashangazi na dada wakubwa walioacha masomo siku ile. Baba utawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingine vitabaki bila kazi.

Jambo hilo la baba ndilo ninalotaka tuzungumze leo katika ukurasa huu wa usalama na afya. Wengine watasema si jambo la usalama, ni jambo la nyumbani. Mimi nasema ni la usalama kabisa, na nitaeleza sababu.

Sikilizeni kwanza mazungumzo yanayofanyika kila siku mbele ya meza ya munganga.

— Mama, mtoto alianza lini kubanwa kifua?

— Siku nyingi, munganga. Tangu alipokuwa anatambaa.

— Anakohoa zaidi mchana ao usiku?

— Usiku. Karibu na asubuhi ndipo anatutisha.

— Baba yake anatumika kazi gani?

— Anatumika kompani.

— Ndiyo mama, kompani. Lakini ndani ya kompani anafanya nini?

— Sijui, munganga. Anarudi na vumbi.

Munganga anaandika neno moja: kompani. Halafu anaita mgonjwa mwingine, kwa sababu mstari ni mrefu. Huyu mama hakusema uongo, wala si mjinga. Amesema yote anayojua. Mwenye jibu la swali lile yuko mbali, kwenye zamu yake, na hakuna mtu aliyemwambia kwamba jibu lake linahitajiwa.

Kwa maana vumbi si kitu kimoja. Yule anayesaga mawe ana vumbi lake. Yule anayefagia ghala la magunia ana lake. Fundi wa kuchomelea vyuma anabeba moshi wa chuma katika nywele. Mtu wa elektrolizi anavuta umande wa asidi. Mtu wa kobalti ana unga ambao unaweza kuleta ukurutu mikononi, na hata pumu, kwa mtu ambaye mwili wake umeukataa. Dereva wa gari la mawe, mtu wa bohari, mtu wa kupaka rangi, kila mmoja analeta nyumbani harufu yake na unga wake. Munganga akijua ni upi, anajua pa kuanzia. Asipojua, anatoa siro ya kikohozi na kusema: mama, urudi baada ya wiki mbili.

Neno aleriji

Siku hizi kila kitu ni aleriji. Mtoto akipiga chafya, aleriji. Akijikuna, aleriji. Akikataa bukari, shangazi anasema labda ni aleriji. Neno lenyewe lina zaidi ya miaka mia moja: lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa mji wa Vienna, Clemens von Pirquet. Maana yake si ngumu. Mwili una askari wake wa kupigana na magonjwa. Kwa watu wengine askari hao wanakosea adui. Wanaona kitu kisichodhuru watu wengine, kama vile wadudu wadogo wasioonekana wanaokaa katika vumbi la godoro, ao mavi ya mende, ao manyoya ya paka, ao ukungu wa ukuta uliolowa mvua, ao chakula fulani, nao wanakipiga vita. Vita hiyo ndiyo inayovimbisha mapua, inayowasha ngozi, inayobana kifua.

Lakini si kila kinachobana kifua ni aleriji. Moshi si aleriji. Gazi ya salfa, ile inayonuka kama kiberiti kilichowashwa sasa hivi, si aleriji. Vitu hivi vinachoma njia za pumzi za kila mtu, na mtu mwenye pumu anaumia mbele ya wengine wote. Gazi hiyo inaweza kufunga kifua cha mwenye pumu katika dakika chache, hata ikiwa ni kidogo kiasi kwamba jirani yake mwenye afya hajali. Katika mji wetu wa Likasi watu wanaijua harufu hiyo. Shituru imetengeneza shaba tangu kabla ya Vita ya Pili ya Dunia, na asidi ya salfa ni chombo cha kazi hiyo.

Kwa nini ninasumbuka na tofauti hii? Kwa sababu ninaona watoto wanavyoadhibiwa kwa ajili yake. Mtoto anabanwa kifua usiku. Mtu mmoja anasema ni aleriji. Mwingine anauliza amekula nini. Amekula mboga yenye kalanga. Basi, kalanga zinakatazwa. Wiki ijayo anabanwa tena. Alikuwa amekula samaki. Samaki anakatazwa. Halafu yai. Mwishowe mtoto wa miaka mitatu anakula bukari na majani peke yake, miguu inaanza kuvimba, nywele zinageuka rangi, na sasa tuna ugonjwa wa pili, kwashiorkor, juu ya ule wa kwanza. Na usiku wote huo, ndani ya chumba kile kile ambapo mtoto analala, babula ya makala imewaka kwa sababu ya baridi, na dirisha limezibwa na gunia. Kalanga zina kosa gani?

Babula ndani ya chumba cha kulala nitaisema mara moja tu: toeni nje. Si kwa ajili ya pumu pekee. Makala yanatoa gazi isiyo na harufu, nayo inaua jamaa nzima katika usingizi.

Aleriji ya kweli ya chakula iko, nayo haichelewi. Mtoto anakula, na baada ya dakika chache, ao saa moja ama mbili, midomo inavimba, mwili unatoka mabaka yanayowasha, anatapika, sauti inabadilika, pumzi inakuwa ngumu. Hapo hakuna kungoja. Mnakimbia hopitali apigwe sindano ya adrenalini, na chakula kile hapewi tena mpaka munganga aseme. Lakini chakula ambacho mtoto amekula mara ishirini bila shida, msimwondolee kwa neno la jirani.

Vumbi haliachi kazi saa ya kutoka

Sasa turudi kwa baba.

Kengele inalia, baba anatoka na salopeti yake. Anapanda baiskeli ao gari. Anafika parsele. Mtoto anakimbia: baba, baba! Baba anamwinua, anambana kifuani, juu ya ile ile salopeti. Hakuna mtu mwenye moyo anayeweza kukataza mtoto kumpokea baba yake. Halafu salopeti inatundikwa nyuma ya mlango wa chumba, juu ya mkeka wa watoto. Jumamosi mama anaikung'uta uani kabla ya kuifua, na mtoto wa mwisho anacheza karibu na beseni.

Msifikiri ninaleta hofu bure. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven huko Ubelgiji walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga ya kusini. Watu waliokaa karibu na migodi na viwanda vya kuyeyusha walikuwa na kobalti nyingi kupita waliokaa mbali, na watoto walikuwa nayo kupita watu wazima. Mwaka 2018 walitoa habari za Kasulo, kartier ya Kolwezi ambapo watu walichimba mashimo katikati ya nyumba zao. Watoto wa pale walikuwa na kobalti katika mkojo karibu mara kumi kuliko watoto waliokaa mbali na machimbo. Walipima hata vumbi la ndani ya nyumba.

Kobalti katika mkojo si pumu, wala watafiti hao hawakusema hivyo. Walichoonyesha kinatosha kwa maneno yangu ya leo: unga wa kazi unaingia nyumbani, na mtoto anayetambaa chini, anayetia vidole kinywani, ndiye anayeupata wa kwanza. Mama akienda hopitali peke yake na kusema "anarudi na vumbi", amesema jambo kubwa kuliko anavyofikiri. Limepungua jina la vumbi lile tu.

Kuna hesabu nyingine ambayo baba anaweza kuifanya vizuri kuliko daktari. Mtoto alipelekwa likizo kwa bibi yake kijijini, alilala vizuri mwezi mzima, aliporudi Buluo siku ya tatu akaanza tena kukohoa. Ao, baba alipokuwa kongé, mtoto alikuwa mzima; baba aliporudi kazini, filimbi ikarudi. Ao, tangu baba alipohamishwa kutoka karakana kwenda sehemu ya asidi, mambo yameharibika. Ao kinyume: mtoto alikuwa mbaya zaidi kwa bibi, kwa sababu bibi anapika kwa kuni ndani ya nyumba. Habari za namna hii zina thamani kuliko vipimo vingi. Nani anajua tarehe ya kuhamishwa kazi? Baba.

Hofu ambayo haisemwi

Nimewauliza baba kadhaa wa hapa kwa nini hawaendi. Wa kwanza alisema kazi. Wa pili alisema kazi. Wa tatu alisema benchi ile ni ya akina mama, mwanaume akikaa pale watu wanamtazama kana kwamba mke wake amekufa. Tulicheka.

Tulipomaliza kucheka, mmoja alisema jambo la kweli. Alisema: "Mzee, nikienda na mtoto, munganga atasikia na kifua changu."

Hapo nilinyamaza, kwa maana hofu hiyo si ya kijinga. Mtu anayekohoa anaogopa kuitwa mgonjwa, na anayeitwa mgonjwa anaogopa jina lake kuwa la kwanza siku orodha inapoandikwa. Katanga tumeona orodha. Mwaka 2003 watumikaji zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka kazini kwa mpango uliolipwa kwa fedha za Benki ya Dunia, na jamaa nyingi zilizozoea hopitali ya kompani zikajikuta zinahesabu franka mbele ya mlango wa farmasi. Mtu aliyeona hayo katika nyumba ya baba yake hawezi kulaumiwa kwa kuficha kikohozi.

Lakini tufikirie vizuri. Kikohozi kinachofichwa hakikai mahali pamoja. Pumu ya kazini ina tabia moja inayojulikana: mtu anakohoa siku za kazi, anapata nafuu siku ya mapumziko ao likizo, halafu inaanza tena akirudi. Akigunduliwa mapema na kuondolewa kwenye unga ule, anaweza kupona ao kupata nafuu kubwa. Akiendelea miaka, kifua kinabaki hivyo hata akiacha kazi. Basi, anayeficha ili aitunze kazi, anaitunza kwa muda tu, na bei yake ni kifua. Nami nawaambia viongozi wanaosoma ukurasa huu: mkitaka watu waseme kweli hopitali, mwenye kusema kweli abadilishiwe sehemu ya kazi, asifukuzwe. Vinginevyo mtaendelea kupata majibu ya "sijui, munganga".

Pompi

Kwa wengi wetu kliniki ya aleriji si nyumba yenye kibao mlangoni. Ni ile ile benchi ya daktari wa watoto, na wengine wanatumwa Lubumbashi, kilometa 120 hivi za njia. Mahali penye kipimo cha ngozi, wanaweka matone madogo juu ya mkono wa mtoto, wanachoma kidogo ngozi ya juu, wanangoja dakika 15 ao 20, wanatazama tone gani limevimba. Hakuna damu ya kuogopa. Ila wazazi wanapaswa kuuliza mapema, kwa maana dawa za aleriji alizomeza mtoto katika siku za nyuma zinaficha majibu ya kipimo, na safari nzima inapotea.

Wengi wanarudi na pompi, na hapo vita vya pili vinaanza nyumbani. "Pompi inaua." "Pompi ukiianza huiachi." "Pompi ni ya wazee." Bibi anaificha juu ya kabati. Badala yake baba ananunua sokoni vidonge vidogo vya aleriji, kwa maana vinaleta nafuu upesi na bei yake si kubwa.

Ndugu zangu, nafuu ile ya haraka inatoka wapi? Mara nyingi vidonge hivyo vina kortizoni ndani yake. Daktari anaitoa kwa siku chache mtoto akizidiwa, na inaokoa maisha. Lakini mtoto anayemezeshwa mwezi baada ya mwezi bila daktari, mashavu yanajaa kama mtoto aliyenona, watu wanasifu afya yake, na kumbe urefu wake unachelewa na nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa inapungua. Na mkiwa mmempa siku nyingi, msikate ghafula. Nendeni mkaeleze kweli, daktari ataipunguza polepole.

Pompi inatia dawa kidogo sana, na inaipeleka pale pale penye ugonjwa. Ziko za namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoleta maneno mabaya. Ya kwanza ni ya kufungua kifua kilichobanwa, yaani salbutamoli, ambayo kwa kawaida ni ya bluu. Ya pili ni ya kuzuia, yenye kortizoni kidogo ya kuvuta. Hiyo inatumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima, na baada yake mtoto anasukutua kinywa. Ya pili haifungui kifua usiku wa shida. Kazi yake ni kufanya usiku wa shida usije. Mzazi anayesema "pompi haisaidii" mara nyingi amepewa ya kuzuia akaitumia kama ya kufungua, ao anayo ya bluu peke yake, anaipuliza kila siku, na ugonjwa unaendelea chini yake. Dawa za namna zote mbili zimo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Farmasi ya mahali popote penye watumikaji wa mgodi iliyojaa siro za rangi tatu lakini haina pompi ya kuzuia, kwa maoni yangu haijajipanga.

Mtoto mdogo hawezi kuvuta pompi vizuri; dawa inabaki kinywani. Anahitaji chombo cha katikati, na cha dukani kina bei. Basi jueni hili. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake, madaktari wa hopitali ya watoto ya Red Cross huko Cape Town, waliwapima watoto waliobanwa na pumu wakitumia chupa ya plastiki ya mililita 500 mahali pa kile cha dukani. Chupa ilifanya kazi sawasawa. Inatobolewa kitako kwa chuma cha moto, tundu lilingane na mdomo wa pompi bila kuacha nafasi. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Unapuliza mara moja, anapumua polepole mara tano ama sita, ndipo unapuliza tena. Inaoshwa kwa maji ya sabuni na kuachwa ikauke yenyewe. Iwe chupa ya maji ya kunywa, si iliyowahi kutiwa petroli ao kitu cha kazini! Mwuguzi awaonyeshe mara ya kwanza. Hii ni kazi ya fundi, na hapa tuna mafundi kupita kiasi.

Na usiku wa hatari msingoje zamu ya baba iishe. Mtoto ambaye ngozi ya katikati ya mbavu inaingia ndani akivuta pumzi, asiyeweza kunywa wala kumaliza neno, mwenye midomo ya bluu, ao ambaye filimbi imenyamaza lakini bado anahangaika, huyo anakwenda sasa, na pompi ya bluu inapulizwa njiani. Filimbi kunyamaza si kupona. Jamaa nyingi zimedanganywa na ukimya huo.

Asubuhi moja

Sitaki baba waende kila mara. Nataka waende mara ya kwanza, na kila mara kazi yao inapobadilika. Kabla ya siku ile, wiki mbili, mama na baba waandike katika kaye ya shule: tarehe, mtoto alikohoa saa ngapi, palikuwa na harufu ao moshi gani, alilala wapi, baba alifanya kazi gani siku ile. Wasiojua kuandika wamtume mtoto mkubwa. Mfuko wa siku hiyo uwe na dawa zote ambazo mtoto amepewa, hata zile za mfumu. Munganga akikunja uso, vumilieni, afadhali ajue. Na baba atamke kazi yake kwa jina lake, pamoja na majina ya vitu anavyoshika, jinsi yanavyoandikwa kwenye gunia ao kwenye pipa.

Kapita atasema hakuna ruhusa kwa kupeleka mtoto, mama yupo. Nimekwisha kusikia. Kanuni ya Kazi ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri atoe matibabu kwa mtumikaji na kwa jamaa yake wakati mkataba unaendelea. Sheria imekwisha kukubali kwamba mtoto wa mtumikaji ni jambo la kazi. Kutoka hapo mpaka asubuhi moja ya ruhusa yenye karatasi ya hopitali, safari si ndefu. Na asubuhi moja ya baba ni bei ndogo kuliko siku kumi ambazo atakuja kazini hajalala, anasinzia juu ya mashine kwa sababu usiku kucha alikuwa amemshika mtoto aketi wima. Hapo ndipo watu wa usalama wanapoingia, wapende wasipende.

Jambo la mwisho halihusu hopitali. Nguo za kazi zibaki kazini. Panatakiwa kabati mbili kwa kila mtu, moja ya nguo chafu na moja ya nguo za nyumbani, dushi lenye maji kweli, na salopeti zifuliwe huko huko. Mahali ambapo haya yapo kwenye karatasi tu, baba anaweza hata leo kuvua salopeti nje ya nyumba, kunawa mikono, uso na nywele, ndipo amwinue mtoto. Na mama ailoweshe kwanza majini bila kuikung'uta. Lakini hiyo ni kuwabebesha mama kazi ya kompani, na siipendi. Katika mkutano ujao wa kamati ya usalama, delege wetu asianze na hotuba. Aulize tu makabati ya pili yako wapi, na nani ana ufunguo wa chumba cha dushi.